Aliyetahiriwa Amesimama

Basi la Mbale lilikuwa limeshaondoka pale mzee mmoja alipolidandia, akaketi karibu na Khainza, jirani yangu mwenye kapu la nyanya za kuuza sokoni. Aliposikia kwamba Khainza atapitia hospitali kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, akacheka.

"Binti yangu, mumeo si Mgisu? Kwa mila yetu alitahiriwa amesimama, bila kupepesa macho. Kirusi gani cha saratani kitamsogelea hata akuletee?"

"Shemeji yangu naye alisimama, mzee. Dada yangu tumemzika kwa saratani hiyohiyo. Kisu kinapunguza hatari, hakiimalizi."

"Labda alipepesa."

"Kirusi hakimtazami mtu machoni."

Abiria wakacheka, mzee akashughulika na kofia yake.

"Na nyanya? Zitaoza."

"Nilimwahidi dada kwamba nitapimwa."

Basi liliposimama hospitalini, Khainza akashuka na kapu lake. Basi likaendelea kuelekea sokoni bila yeye.