Jinsi Bwana Alivyonifungua na Hoja Zangu Kumi na Saba

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, hata walioko Mwadui wasikie!

Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwa tajiri mmoja Mhindu, Shinyanga mjini. Nilipohitimu shule ya jioni, ndugu zangu, kichwa kilivimba hata kofia ikakataa kuingia. Nilimsahihisha katekista katikati ya sala! Nikamwamuru mke wangu, Mama Masanja, atoe sababu tatu za kutia chumvi kwenye mboga. Alifunga khanga zake akarudi kwa baba yake, Tinde.

Nikamfuata na hoja kumi na saba, zimeandikwa kwa wino. Nikamsomea baba mkwe. Hata mama mkwe, ambaye kwa heshima yetu Wasukuma mkwe hamsogelei, nilimpazia sauti mpaka jikoni! Kufika hoja ya nne, mbuzi waliondoka. Mzee akauliza, "Umemaliza? Basi njia ni ile ile uliyojia."

Nikarudi nyumba tupu. Nikisali, sala inakuwa barua ya malalamiko yenye vifungu. Amani hakuna.

Sasa, mama wa tajiri wangu, bibi asiyejua herufi hata moja, kila asubuhi aliosha sanamu ndogo ya shaba ya Krishna, mungu wao, akaivika nguo, akaiwekea maziwa kabla yeye hajanywa chai. Nikamchokoza: "Shikamoo, mama. Huyo wa shaba anasikia njaa?"

"Marahaba, fundi. Mungu hana njaa. Mimi ndiye mwenye njaa ya kumpa. Na mkeo, amerudi?"

Nikainamia sindano yangu. Akanieleza kwamba kwao, anayetaka kufunguliwa asizaliwe tena na tena duniani ana njia kadhaa: ya elimu, ya kutenda wajibu bila kutamani malipo, ya kutuliza nafsi. "Wasomi wabishane ipi kubwa. Mimi nina bhakti, kumpenda na kumtumikia tu. Mlango huo hauulizi cheti."

Ndugu zangu, sindano ilinitoboa kidole nisisikie! Mimi Mkristo, na Mkristo nitazikwa. Lakini siku ile Bwana alinihubiria kwa kinywa cha bibi yule.

Jumamosi nikaenda Tinde na jembe tu. Hoja niliziacha nyumbani. Nikapalilia pamba ya mzee ekari mia. Wenye wivu watasema nusu ekari. Kila shina namwambia Bwana, "Nakupenda," basi, bila vifungu. Machozi yakanitoka!

Mchana Mama Masanja akaleta maji kwenye kibuyu. Akatazama shamba.

"Baba Masanja, umeng'oa pamba, umeacha magugu."

"Kumbe! Mimi sijui kupalilia, mke wangu."

Akacheka hata maji yakamwagika. "Tangu uhitimu, leo ndiyo umesema hujui!" Akachukua jembe mikononi mwangu, akashika mstari wa mbele yangu.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja. Utukufu kwa Bwana!

Ndugu yangu uliyechoka kubishana na Mungu, mpende kwa mikono hiyo hiyo uliyonayo, umtegemee, atakufungua. Nami nashukuru kwa kunisikiliza. Na mwenye mbegu za pamba asiondoke. Mzee bado ananisubiri.