Siku ya Tatu Bila Sindano

Katika basi dogo la kutoka Gitega kwenda Muyinga, mama aliyeketi mbele yangu alipakata chupa ya insulini iliyofungwa kwa kitambaa kibichi ili isipate joto. Jirani yake, mwenye mtandio, akamwuliza ni ya nani.

“Ya binti yangu, Happy. Bibi yake alimpeleka Muyinga kwenye maombi, akasema sindano ni kukosa imani. Leo ni siku ya tatu.”

“Na we ulikubali, maman?”

“Mume wangu alisema nisishindane na Mungu.” Mume mwenyewe hakuwemo garini.

“Mi pia nilikuwaga na mtoto wa sukari. Tuliacha sindano, tukaenda kwa mganga.”

“Alikaa siku ngapi bila sindano?”

Mwenye mtandio akageukia dirisha. “Watoto haiko sawa, dada. Wako anaweza kukaa kuliko wangu.”

Basi liliposimama Muyinga, mama Happy alishuka akikimbia.