Hellen Jepkemboi Kigen na Kimya cha Waithira

Marehemu Hellen Jepkemboi Kigen alizaliwa Kapseret tarehe 14 Mei 1980, kifungua mimba wa Mzee Isaiah Kimeli na Mama Mary. Mama husema wivu wake ulianza mapema: mdogo wake Linet alipozaliwa, Hellen aligoma kunywa maziwa siku mbili kwa sababu mgeni alipewa blanketi jipya. Tunalisema hili kwa ruhusa. Mwenyewe aliagiza asisifiwe uongo.

Alisoma shule ya msingi Kapseret, sekondari Moi's Bridge, kisha chuo kikuu, akahitimu ualimu mwaka 2004. Aliajiriwa kufundisha Kiswahili katika mtaa wa Huruma, na jioni akajiunga na kikundi kidogo cha maigizo cha mtaa huo. Mwaka 2007 kikundi kiliandaa mchezo kuhusu profesa anayewaita wanafunzi wa kike ofisini kabla ya kusahihisha mitihani yao. Hellen aliitaka mno nafasi ya mwanafunzi anayemshtaki. Akapewa Waithira, rafiki yake, muuza duka ambaye hakuwahi kukanyaga chuo. Hellen akawekwa nyuma ya pazia, kazi yake kumnong'oneza mwigizaji aliyekwama. Roho ilimuuma, na hakuficha.

Jumamosi tarehe 8 Desemba, jukwaani, wakubwa wa chuo walimuuliza yule mwanafunzi, "Nani atakuamini?" Waithira akanyamaza. Hellen alikuwa na jibu kwenye karatasi, akafumba mdomo makusudi. Ukumbi ukatulia tuli, wanawake wakaanza kulia, kisha yakaja makofi ambayo kikundi hakikuwahi kupigiwa. Kijicho kikamzidi maradufu.

Wiki chache baadaye vita vya uchaguzi vilizuka. Duka la kina Waithira likachomwa, nao wakakimbilia mahema ya uwanja wa maonyesho. Agosti 2008 mchezo ulirudiwa, na Hellen akapewa nafasi aliyoililia. Alipofika kwenye swali lile lile, akajaribu kunyamaza naye. Mzee mmoja wa nyuma akamhurumia: "Sema tu, mwalimu, usiogope." Watu wakacheka. Alirudi nyumbani na aibu mbili, ya kuchekwa na ya kukalia kiti cha mtu aliyefukuzwa.

Tarehe 5 Desemba 2009 alifunga ndoa na Gideon Kigen. Mungu akawajalia Cynthia na Kimutai. Waithira alikuja harusini kutoka Nakuru, alikohamia baada ya mahema, akacheza vizuri kuliko bibi harusi, jambo lililozungumzwa nyumbani kwa miaka mingi.

Mwaka 2017 alipatikana na saratani ya matiti. Februari mwaka huu alimwita Waithira hospitalini, akatubu kwamba siku ile jukwaani alimwacha akwame. Waithira akamshika mkono.

"Sikuwa nimesahau, Hellen. Niliona nikinyamaza ndio wataniamini."

"Miaka kumi na moja najilaumu," akasema marehemu, "kumbe hata kimya kile ni chako." Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2019. Ameacha mume, watoto wawili, wazazi, dada yake Linet, na Waithira. Aliagiza dakika ya ukimya leo iongozwe na Waithira, kwa kuwa ndiye anayejua kunyamaza. Tafadhali tusimame.

Pumzika kwa amani, Hellen. Na leo usimnong'oneze.