Damu ya Mzee, Kopo la Lita Nne

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja. Limebanwa kati ya kibanda cha Jaji, fundi cherehani anayetoa hukumu kabla kesi haijaisha kusimuliwa, na meza ya Waya, anayetengeneza simu na wakati mwingine kuzimaliza kabisa. Shangazi mwenye birika la kahawa hupita hapo saa kumi alasiri, na saa kumi hiyohiyo muuzaji anayeitwa Kopo huvuka barabara kutoka duka la rangi, aproni yake ina madoa ya kuta za mtaa mzima. Mwaka wa kumi na moja huu yuko nyuma ya kaunta ile, na sifa aliyojijengea ni moja tu, kwamba hamkasirikii mteja. Juzi Jumamosi sifa hiyo ilimponyoka. Leo alikaa bila salamu, akashika kikombe na asinywe. Mwisho wa benchi alikuwepo mgeni mmoja, mtu mpole, aliyefika tangu asubuhi kuchukua suruali yake kwa Jaji na bado anaambiwa kimebaki kifungo tu.

Waya: Kopo, umenuna nini? Kahawa inapoa hiyo.

Kopo: Nimemwaibisha mtu mzima.

Jaji: Alistahili.

Kopo: Hata hujajua ni nani.

Jaji: Si mteja? Basi alistahili. Endelea.

Kopo akawasimulia, macho yake chini. Kuna mama mmoja, mteja wao wa miaka, ambaye kila mwaka hupaka mlango wake upya kwa rangi ya mafuta, na rangi yenyewe ni damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Jumatatu iliyopita alikuja, Kopo akamchanganyia kwenye mashine kwa namba ya kwenye kadi ya rangi ya kiwandani. Jumatano akarudi na kopo lake: “Mwanangu, hii siyo.” Kopo akaongeza nyeusi. Ijumaa akarudi tena, Kopo akaongeza nyekundu. Jumamosi, duka limejaa mafundi wanaogombania foleni na kila mmoja anajiona ana haraka kuliko mwenzake, mama akaliweka kopo kaunta na kusema taratibu, “Bado mwanangu. Damu ya mzee haiko hivi.”

Waya: Ukamwambiaje?

Kopo: Nikamwambia, mama, basi kamlete huyo mzee hapa tumtoboe, tulinganishe.

Waya alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Jaji naye akacheka, ila Kopo alikuwa ameshausikia mcheko huo mara moja, na wa juzi ulikuwa mkubwa zaidi, duka zima, bosi akiwemo.

Kopo: Yeye hakucheka. Hakufoka pia. Alikirudisha kifuniko, akakigongagonga kwa kiganja mpaka kikakaa, akasema, “Haya mwanangu, nimekusikia.” Akaondoka. Kopo lake kaliacha palepale.

Waya: Na hakufoka?

Kopo: Angefoka ningelala. Siku mbili hizi usingizi sina.

Jaji: Hebu acha kujitesa. Huyo katumwa. Lile duka jipya la kule kwenye kona, unadhani linapataje watu? Wanatafuta mama mtaratibu, anakuja kwenu kila siku na kopo kichwani, mtaa mzima unamwona anarudisha. Biashara yenu kwisha.

Kopo: Alianza kununua kwetu kabla duka hilo halijachimbiwa msingi.

Jaji: Ndiyo maana wakamchagua yeye. Nani angemshuku?

Waya: Jaji, wewe unapenda kesi kubwa. Shida hapo ni taa. Dukani kwao taa nyeupe, nyumbani kwa mama taa ya njano. Rangi inaondoka hapa nyingine, inafika kule nyingine.

Kopo: Ni mlango wa nje, Waya. Unapigwa na jua.

Waya: Basi jua la upande ule lina hitilafu.

Shangazi alikuwa akisuuza vikombe, na kwa kawaida haingilii porojo za benchi. Safari hii aliingilia.

Shangazi: Mimi mteja akiniambia kahawa ina moshi, naonja na mimi. Kuna siku kweli inakuwa na moshi. Wewe ulipoambiwa siyo, ulifanyaje?

Kopo: Nilitazama kadi, Shangazi. Namba ilikuwa sawa.

Shangazi: Mimi sikuulizi habari za namba.

Kopo alikizungusha kikombe mkononi. Alikuwa amejua tangu Jumamosi kwamba mara zote tatu alimsikiliza yule mama kwa sikio moja, mkono tayari uko kwenye kopo la mtu wa nyuma, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna kuliko utani wenyewe. Jaji aliona mwenzake anazidi kuzama, akaja na dawa nyingine.

Jaji: Nimepata. Yule ni mteja wa bandia. Kuna makampuni siku hizi yanaajiri watu wa kupima hasira za wauza duka. Anarudisha mara ya kwanza, anaandika. Anarudisha mara ya pili, anaandika. Sasa hivi faili lako liko mezani kwa mkubwa.

Waya: Hapana, sikilizeni, hii ndiyo yenyewe. Rangi hiyo inaitwaje? Damu ya mzee. Maana yake pale kiwandani mwanzoni kulikuwa na mzee. Walimpima, wakapata namba, wakaandika kwenye kadi. Sasa yule mzee kafa. Mtachanganya mpaka mashine iungue, damu ile hampati tena.

Jaji alipiga paja kwa kicheko. Yule mgeni wa suruali, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno zaidi ya asante, akakohoa kidogo.

Mgeni: Samahani ndugu zangu. Mzee wake huyo mama yuko hai?

Kicheko kikakatika. Waya akamtazama Jaji. Jaji, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kukagua ukucha wake.

Kopo: Sijui.

Akakiweka kikombe kwenye benchi.

Kopo: Zamani walikuwa wanakuja wote wawili. Mama anakaa pale mlangoni, mzee anasimama na mimi kwenye mashine. Yeye na kadi walikuwa hawapatani. Ananiambia ongeza nyeusi, ongeza, ongeza, tia kahawia kidogo, hapo, simama. Halafu kopo analibeba yeye.

Shangazi: Na mwaka huu?

Kopo: Mwaka huu alikuja peke yake. Mara zote tatu kopo kabeba mwenyewe. Lita nne, kwenda na kurudi. Nilimwona, Shangazi. Sikumuuliza.

Kwenye kadi ya dukani hakukuwa na kahawia hata tone, na mama hakukosea siku hata moja. Kopo alitamani Jumamosi irudi, japo dakika ile moja tu kabla hajafungua mdomo. Jaji aliinuka bila kuambiwa, akaingia kibandani kumalizia ile suruali, na cherehani ikaanza kulia.

Mgeni: Bado unakumbuka ile rangi alivyokuwa akiitaka mzee?

Kopo: Mkono unakumbuka.

Mgeni: Basi mchanganyie, umpelekee. Anakaa wapi?

Kopo alifungua mdomo kumjibu. Akageuka kulia, akatazama barabara, akageuka kushoto, akatazama milango ya upande ule mmoja mmoja hadi macho yakafika mwisho wa barabara.

Kopo: Miaka kumi na moja nachanganya rangi ya mlango wake. Mlango wenyewe sijawahi kuuona.

Akamtazama Shangazi, anayepita na birika kila mtaa. Shangazi akatikisa kichwa; hata yeye hapajui.