Nani Atatangulia Saghro?

Benchi la simiti nje ya kibanda cha kahawa, pale mjini Boumalne, linatazama kusini, na kusini ni milima ya Saghro. Wazee watatu hukaa hapo kila siku baada ya alasiri: Hddou, aitwaye Kapteni kwa kuwa aliwahi kuendesha lori la jeshi, Bassou, aitwaye Redio, na sababu utaisikia mwenyewe, na Zaid, aitwaye Ramani, kwa kuwa alizaliwa hemani huko huko milimani, mama yake akihama na mbuzi. Msimu ule walikuwa wakipanga kuuvuka Saghro kwa baiskeli hadi kijiji cha Nkob, upande wa pili, wakifuata njia za mbuzi. Zaid alikuwa na siri moja. Daktari alikuwa amemwambia macho yake yanazimika, na dawa hakuna. Alitaka kuiona njia ile tena kabla giza halijamkuta.

— Tungoje mwezi wa kumi, alisema Kapteni. Kule juu bado kuna theluji, na ikiisha ni joto la kiangazi.

— Mwezi wa kumi mbali, alisema Zaid. Miti ya lozi inachanua sasa hivi.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Redio. Ndiyo maana mimi nasema tuondoke kesho.

— Methali hiyo umeivaa kinyume, alisema Kapteni.

— Nimeivaa inavyonikaa. Shida si theluji, shida ni pancha. Yale mawe yanakula tairi.

— Pancha dawa yake nyasi, alisema Kapteni. Unashindilia nyasi kavu ndani ya tairi, unasahau habari ya pampu.

— Na breki je? Ule mteremko wa upande wa pili utatumeza.

— Funga mbuzi nyuma ya baiskeli. Mbuzi hapendi kuvutwa, atakuzuia mpaka bondeni.

— Basi na mimi nafunga tanga mbele. Upepo wa Saghro unasukuma hata ngamia.

— Tanga mbele, mbuzi nyuma, alisema Kapteni. Wewe katikati utapasuka.

Walicheka. Zaid alicheka nao, huku akili yake ikiwa imeshapanda mlimani.

— Usiku wa kwanza tutalala chini ya kilele, alisema taratibu. Kuna bonde pale, maji yake huyaoni, unayasikia tu yakipita chini ya mawe. Alfajiri moshi wa mahema unasimama wima kama uzi. Halafu jua linagusa miamba, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeamsha wanawe.

Kahawa ilipoa mikononi mwao.

Wakati huo Tuda, mwalimu mgeni wa shule ya jirani, alisimama na baiskeli yake kuomba pampu. Alikuwa amesikia mazungumzo, akauliza huku akijaza upepo:

— Na nani atatangulia, wazee wangu?

Kapteni alimtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake. Siku zote ilikuwa inajulikana ni Ramani.

— Mimi siwezi, alisema Zaid mwishowe. Macho yangu yanakwisha, ndugu zangu. Niliogopa mtaniacha.

— Tunajua, alisema Redio. Juzi uliisalimia nguzo ya umeme, ukaiuliza habari za wajukuu.

— Mbona hamkusema?

— Nguzo haikulalamika.

Zaid alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. Kapteni aliweka kikombe chini.

— Theluji ya mwezi huu si theluji ya kumzuia mtu. Tunaondoka Ijumaa, tukishaswali.

— Na wa mbele? aliuliza Tuda tena, kwa upole.

Kapteni njia haijui, Redio haijui, na aijuaye haoni. Kibandani walikuwa wanaosha birika.

— Bonde lile la maji, Kapteni alimwuliza Zaid, akimsogelea kwenye benchi, unaliacha mkono gani?

— Wa kushoto, alisema Zaid. Ukishausikia mti wa lozi wenye nyuki.

— Haya, alisema Kapteni. Mimi mbele, sauti yako nyuma yangu. Endelea.

Na Zaid akaendelea.