Yuko Upande Gani

Benchi letu linatazama geti la kiwanda, na nyuma ya geti kuna bwawa la taka, tope laini la miaka mingi lisiloweza kubeba hata paka. Wameamua kulifunika. Wanatandika kitambaa kizito cha plastiki, wanashona vipande pamoja, halafu wanamwaga mchanga juu yake kidogo kidogo, maana ukilemea huku, tope linavimba kule. Jumatatu msimamizi alikuwa na haraka zake. Mchanga ukarundikwa sehemu moja, mshono ukaachia, tingatinga likazama na dereva wake, Kipara wetu. Walimtafuta mpaka wakachoka. Leo wanatandika tena, nasi tunakunywa kahawa, nafasi yake mwisho wa benchi tumeiacha wazi. Nimejaa hasira, na sina pa kuipeleka.

Breki, dereva mstaafu, ndiye aliyeanza.

— Lile bwawa halina mwisho. Walishusha kamba, haikugusa kitu.

— Kamba ilikuwa fupi, akasema Fundi Redio.

— Uliipima wewe?

— Mimi nasema Kipara alitoka. Aliibukia upande wa pili, akanawa uso, akajiendea zake. Kwa bosi yule, hata mimi ningepotea.

— Peku? akauliza Mama Kahawa. Kiatu chake si wamekiokota?

— Basi lile tope lina dawa, akasema Breki. Haozi. Wajukuu zetu watamfukua vilevile, na kofia yake kichwani.

— Hivi nyie mna akili kweli? akafoka Mama Kahawa.

— Tukinyamaza ndiyo itakuwa nafuu, mama? akauliza Breki.

Hapo ndipo tulipomwona mke wa Kipara, amesimama nyuma yetu, kile kiatu mkononi. Sijui alikuwa amesikia mangapi.

— Shikamoo, Mzee Breki.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kaa.

Aliitazama ile nafasi, hakukaa.

— Wamesema kesho wanamaliza kufunika, na hawamtoi. Nataka nisimame ukingoni, nimwombee. Yuko upande gani?

Fundi Redio aliinua mkono, akaushusha.

— Alizama pale, shemeji, karibu na bomba.

— Alipozama napajua. Nauliza alipo.

Kule ndani lori likamwaga mchanga. Mama Kahawa akaanza kukusanya vikombe, na vilikuwa bado vimejaa.