Mlango wa Nyuma wa Bi Hester Pullan

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa, kabla ya kufika kwenye miaka na tarehe, familia inapenda kuanza na jambo ambalo imeshindwa kulitegua, nalo ni kwamba mama yetu Hester, aliyesimamia ulinzi wa majirani hapa Ottersby kwa miaka thelathini na mitatu, aliyepita nyumba hadi nyumba akihimiza watu wafunge madirisha, waingize ngazi ndani na wasifiche funguo chini ya vyungu vya maua, yeye mwenyewe hakuwahi kuufunga kwa ufunguo mlango wake wa nyuma, si alipolala, si alipokwenda pwani wiki nzima, na ufunguo wenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Aliulizwa mara nyingi, na kila muulizaji alipata jibu lake, binti yake Rosalind aliambiwa kitasa kimeshika kutu, mwanawe Clive aliambiwa ni kwa ajili ya paka, ingawa paka alikufa mwaka 1998, na Konstebo Joanne Tuplin aliambiwa kwamba mwizi akiingia atakuta vyombo havijaoshwa, naye ataona haya na kutoka. Alipoulizwa mara ya mwisho, akiwa kitandani hospitalini, alifungua jicho moja akasema, "Mlango upi?" Basi tumekuja na fumbo hili kanisani kama lilivyo, halijafumbuliwa.

Marehemu Hester Pullan, kabla ya ndoa Hester Garside, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941 hapa hapa Ottersby, katika nyumba ya pili kutoka kwenye pampu ya maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa marehemu Wilfred Garside, mtunza farasi wa shamba kubwa, na marehemu Edna, aliyefua nguo za watu, na alibatizwa katika kanisa hili Jumapili ya kwanza ya mwaka 1942, siku ambayo inasemwa maji ya ubatizo yalikuwa na barafu juu yake na mtoto hakulia, alimtazama kasisi tu.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, kisha akaendelea na shule ya sekondari ya mjini hadi Julai 1957, alikosifiwa kwa hesabu na kwa kusoma kwa sauti, na hivi viwili, hesabu na sauti, ndivyo vilivyokuja kumpa heshima kijijini, na mara moja vikamponza, kama tutakavyosema.

Baada ya shule aliuza siagi na jibini katika duka la mjini kwa miaka tisa, kisha tarehe 4 Aprili 1966 akaajiriwa katika posta ya kijiji, alikofanya kazi nyuma ya dirisha lile la kioo hadi posta ilipofungwa tarehe 30 Juni 2004, na wengi wenu mlipokea kwake pensheni, habari na makaripio, kwa mpangilio huo.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa katika kanisa hili na marehemu Maurice Pullan, fundi wa matrekta, mtu mpole aliyeingia nyumbani kila jioni na mikono imejaa grisi, akausukuma mlango kwa kiwiko, na Rosalind hushikilia kwamba fumbo letu lilianzia hapo, mama hakutaka mumewe asimame nje akihangaika na kitasa, lakini Clive husema sivyo, kwa kuwa Maurice alifariki tarehe 19 Oktoba 2008 na mlango ukaendelea kubaki vile vile. Rosalind alizaliwa tarehe 2 Februari 1965, Clive akafuata tarehe 27 Agosti 1968, na wamemzalia marehemu wajukuu wanne.

Ulinzi wa majirani aliuanzisha mwaka 1986, baada ya mashine ya kukatia nyasi ya klabu ya kriketi kuibwa mchana kweupe wakati wachezaji wote wapo kwenye chai, na tangu hapo kila mwezi Machi, katika mkutano wa mwaka kwenye ukumbi wa kijiji, alisimama na kusoma takwimu za uhalifu, kwa sauti ile ile aliyosomea masomo ya Krismasi, akitaja baiskeli moja, kuku watatu, dirisha moja lililovunjwa na mpira, na watu wakacheka, wakanywa chai, wakarudi nyumbani wakijua wanaishi mahali pa amani.

Jumanne ya tarehe 20 Machi 2012 hawakucheka. Polisi walikuwa wameanza kuweka takwimu kwenye ramani ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote aliweza kuitazama kutoka jikoni kwake, na marehemu alizichukua humo kama zilivyo akazisoma, matukio ishirini na tisa kwa mwaka mmoja, katika kijiji cha watu mia tatu na kumi, kiwango kilichoizidi hata miji mikubwa, na mtungi wa chai ukasikika ukichemka. Bwana Neville Stanhope, mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, ambaye yuko hapa leo na ameiruhusu familia kuyasema haya, aliuliza kama tuko Ottersby au tumehamishiwa mjini bila kuambiwa, kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akasema, "Simtaji mtu. Nasema tu kuna aliyerudi Septemba, na namba zimepanda Septemba."

Hapakuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba Dale Scrimshaw, aliyefungwa miaka mitatu kwa kuvunja nyumba za watu katika miji ya mbali, alikuwa ametoka gerezani na kurudi kwa mama yake, Bi Maureen, katika moja ya nyumba za hisani za kijiji, wanamokaa wazee wasio na uwezo, ambamo kwa sheria ya zamani mgeni hawezi kulala zaidi ya wiki mbili bila ridhaa ya wadhamini, na marehemu alikuwa mmoja wa wadhamini hao. Siku ile yaliamuliwa mambo matatu, kamera ziwekwe pande zote mbili za kijiji, kanisa lifungwe hata mchana, na ile sheria ya wiki mbili ikumbukwe, na marehemu aliinua mkono kwa yale mawili ya kwanza, na kwa la tatu hakuinua wala hakupinga, alitazama karatasi yake. Kabla wiki haijaisha, Dale alikuwa ameondoka kwa hiari yake, ili mama yake asisumbuliwe, akaenda kuishi katika nyumba ya magurudumu kwenye shamba la vitunguu, mwendo wa saa moja kwa gari.

Ilikuwa katikati ya Aprili, Konstebo Joanne alipopitia mlango wa nyuma kama kawaida, akaketi jikoni kunywa chai, akafungua ile ramani kwenye simu yake ili wapange ratiba ya doria, akaanza kucheka.

"Bi Hester, njoo uone. Kumbe jambazi sugu ni wewe."

"Nimeiba lini, mwanangu, na magoti haya?"

"Nukta zote ziko getini kwako. Zote kabisa."

Ndipo Konstebo alipomweleza, akidhani anasimulia kichekesho tu, kwamba ramani ile haionyeshi tukio lilipotokea, ili aliyeibiwa asijulikane nyumba yake, bali hulisogeza hadi kwenye kituo kilicho karibu kilichochaguliwa na mashine, na kwa upande wetu huu kituo hicho ni geti la Bi Hester, kwa hiyo maegesho ya malori yaliyo kwenye barabara kuu, maili nne kutoka hapa, ambako madereva huchaniwa maturubai na kunyonywa mafuta wakiwa wamelala, hasa usiku unapoanza kurefuka Septemba, matukio yake yote yamehesabiwa kuwa ya Ottersby. Walipoyatenga, yaliyobaki kijijini yalikuwa matano, baiskeli moja, mafuta ya kupashia nyumba joto, majirani wawili waliopelekana polisi mara mbili kwa sababu ya ua ule ule wa miti, na sanamu la kutishia kunguru lililoibwa wakati wa mashindano ya Agosti ya kutengeneza sanamu hizo, likapatikana baadaye limekalishwa ndani ya baa na kuagiziwa bia.

Konstebo alicheka peke yake, kwa kuwa marehemu alikuwa ameweka kikombe chini, na chai yake ilipoa bila kuguswa. Hakuwalaumu polisi, wala mashine, wala Bwana Neville, kwani alijua hofu huingia katika nyumba kama unyevu, hakuna mtu wa familia anayeualika, alisema tu kwamba ameishi ndani ya nusu maili na majirani zake maisha yake yote, alijua hakuna nyumba iliyovunjwa, na bado aliiamini karatasi kuliko macho yake.

Kuanzia kesho yake alipita kila nyumba yenye stika ya ulinzi dirishani, akiingilia nyuma kama ilivyo desturi, kwa kuwa hapa kwetu mlango wa mbele ni wa bibi harusi, wa kasisi na wa jeneza, na kila jikoni alisema maneno yale yale, "Namba hazikukosea. Niliyekosea ni mimi." Jirani mmoja alimjibu, "Sawa, lakini tangu aondoke si kumetulia?" naye akasema, "Kumetulia kwa sababu hakukuwahi kuchafuka, bibi." Mlango mmoja tu haukufunguliwa, wa Bi Maureen Scrimshaw, ambaye alisema kutoka ndani, "Leo umekuja kutusomea nini tena, Hester?" na marehemu akarudi nyumbani kwenye mvua nyepesi.

Tarehe 3 Mei 2012 mkutano uliitishwa upya, na yale maamuzi matatu yakafutwa, lakini kufuta maneno ni rahisi kuliko kumrudisha mtu, na marehemu alikwenda kule kwenye vitunguu mara nne kwa kigari chake chekundu. Safari ya kwanza Dale alimwambia, bila hasira, "Huku wenzangu wananiibia mpaka soksi, Bi Hester. Nimepumzika kidogo kuwa mwizi." Safari ya pili na ya tatu walizungumza juu ya mvua na mama yake. Safari ya nne, mwezi Julai, marehemu hakumsihi arudi, alimweleza tu kwamba mlango wa kanisa umevimba, haufungiki wala haufunguki vizuri, na kwamba amesikia gerezani alifundishwa useremala, naye Dale akauliza ni mti gani, akajibiwa ni mwaloni, akaenda kuchukua koti lake. Bi Maureen aliufungua mlango wake jioni ile, akamtazama marehemu, akasema, "Ingia basi, usiniloweshee kizingiti."

Tangu Agosti 2012, mlango wa kanisa hili hufunguliwa kila asubuhi na kufungwa kila jua linapotua na Dale Scrimshaw. Mwaka 2016, wezi walipopanda juu ya paa la kanisa na kubandua bati lake la madini ya risasi, macho fulani yalianza tena kuelekea nyumba za hisani, na marehemu alisimama katika mkutano wa Machi akasoma, "Bati la risasi limeibwa, na sisi hatujui nani kaliiba," akakaa chini. Kazi ya ulinzi aliiacha mwaka 2019, na hadi mwaka ule kila alipomaliza kusoma takwimu aliongeza kusema zimetoka wapi.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika tarehe 11 Septemba 2021, alipopata kiharusi chepesi akiwa bustanini, akapona kiasi cha kutembea kwa mkongojo, kisha moyo ukaanza kushindwa mwaka 2023, na wanawe walimwomba akubali kuweka kitasa cha namba kwa ajili ya wauguzi, naye akawauliza ni muuguzi gani aliyeshindwa kuingia. Kweli hakuwako. Tarehe 28 Februari 2024 alilazwa hospitalini, na asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa moja na dakika ishirini, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, Rosalind akiwa ameshika mkono wake na Clive akiwa ndiyo kwanza anaegesha gari.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, muuguzi wa kijiji aliyekuja hata siku za theluji, wafanyakazi wenzake wa zamani wa posta, Konstebo Joanne Tuplin, ambaye amestaafu na amesafiri kuwa nasi, wanakwaya, Bi Maureen Scrimshaw, aliyemletea supu kila Alhamisi na kulalamika kwamba haisifiwi, na majirani wote mlioweka maua juu ya meza yake ya kuuzia mayai getini.

Mwisho, Ijumaa iliyopita familia ilikaa na kuona kwamba nyumba itakuwa tupu hadi warithi wapange la kufanya, na kwamba si haki kuwaachia majirani mzigo wa kuilinda nyumba isiyofungwa, basi ikaamuliwa, kwa uzito wa moyo, kwamba mlango wa nyuma ufungwe. Tulitafuta ufunguo kila mahali, hatukuuona. Jumamosi tarehe 16 Machi, saa kumi jioni, Dale Scrimshaw alikuja na masanduku yake ya kazi, akang'oa kitasa cha zamani, ambacho hakikuwa na kutu hata kidogo, akatia kipya, akaufunga mlango, akaujaribu mara mbili kama mama alivyokuwa akitufundisha sote, akampa Rosalind ufunguo mkononi, na leo asubuhi yeye na wenzake watano wamemtoa mama kwa mlango wa mbele.

Lala salama, mama. Kumefungwa vizuri.